Baridi ya Alfajiri na Tairi la Pikipiki

Kabla jua halijachomoza juu ya vilima vya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, pikipiki zimekwisha kuanza kunguruma katika bonde la Oruchinga. Nyingine zimebeba mikungu ya ndizi, nyingine abiria wawili na mtoto katikati yao, na nyingine, ambazo ndizo zenye haraka kuliko zote, zimefungwa madebe ya maziwa yanayongojwa vituoni kabla hayajachacha. Maziwa hayangoji jua. Ndiyo sababu wachukuzi wake husafiri saa ile ambayo barabara ina baridi kuliko saa nyingine zote, umande umetanda juu ya lami, na mpira wa magurudumu bado umelala.

Usemi huo wa mpira kulala si mzaha. Ni jambo linalowakosesha usingizi watu wenye fedha nyingi na vyombo vingi vya kupimia, nao ni wale wanaoziandaa pikipiki za mashindano ya dunia. Kila siku yenye ubaridi huulizana swali moja: leo tuvishe tairi gani? Katika makala haya tumekusudia kulitazama jibu lao, kisha kulileta mpaka Oruchinga, Nakivale na Mbarara, tuone ni sehemu gani ya jibu hilo ifaayo huku na ni sehemu gani ingemwua mtu. Maana ziko zote mbili.

Kwa msomaji asiyelijua eneo lenyewe, Oruchinga ni makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa mnamo mwanzo wa miaka ya 1960 kwa ajili ya watu waliotoka Rwanda. Makazi ya Nakivale, yaliyo jirani na makubwa zaidi, yamewapokea baadaye Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo, na Kiswahili ndicho kimekuwa daraja lao sokoni. Yote mawili yamo katika wilaya ya Isingiro, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Mbarara. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na ya kusafiri nchini, na miongoni mwa vijana walioishika haki hiyo wamo waendeshaji wa pikipiki, wanaoshindana na wenyeji kwa wateja na kushirikiana nao katika kila balaa la barabarani.

Mgeni asikiapo kwamba Uganda imekatwa na mstari wa ikweta hudhani kuwa habari za baridi ni hadithi tu. Lakini mji wa Mbarara umekaa juu ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Alfajiri hewa yake hushuka aghalabu hadi digrii 14 au 15 za Selsiasi, na katika miezi ya Juni na Julai hushuka zaidi. Kabale, iliyo juu zaidi upande wa magharibi, hukaribia digrii 10. Sasa tulinganishe. Huko Australia, katika uwanja wa Phillip Island unaopigwa na upepo wa bahari ya kusini, mashindano ya dunia ya pikipiki yamezoea kufanyika mwezi Oktoba, na uwanja huo unatajwa kila mara kuwa ni miongoni mwa viwanja vyenye baridi ya kuogopwa. Hewa ya huko siku ya mashindano haitofautiani sana na hewa ya Mbarara kabla ya mapambazuko. Baridi inayowatisha mabingwa wa dunia, basi, ndiyo baridi ambayo mchukuzi wa maziwa wa Isingiro huivaa koti na kuiita asubuhi.

MPIRA NA UBARIDI

Ili kuelewa kwa nini baridi ni adui wa tairi, yafaa kukumbuka mpira ni kitu gani. Mpira wa asili ni utomvu wa miti, na ule wa kwanza kutumika viwandani ulikuwa na tabia mbaya: wakati wa joto uliyeyuka na kunata kama gundi, na wakati wa baridi ulikauka ukawa kama ubao. Mnamo mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba mpira ukichanganywa na kiberiti na kupikwa hupoteza sehemu kubwa ya tabia hiyo. Miaka hamsini hivi baadaye, mwaka 1888, John Boyd Dunlop alitengeneza huko Belfast tairi lenye kujazwa upepo, na ulimwengu ukawa na njaa ya mpira ambayo watu wa Kongo, chini ya utawala wa Mfalme Leopold wa Pili, waliilipia kwa mikono na roho zao. Hilo ni jambo la makala nyingine, na lastahili kuandikwa.

Goodyear aliipunguza tabia ya mpira kuogopa baridi, hakuiondoa. Tairi hushika barabara kwa njia mbili. Kwanza, mpira huingia katika vijishimo na vijimawe vidogo vya lami, hubonyea na kujirudi polepole, na katika kubonyea huko huizuia pikipiki isiteleze. Pili, mpira hugandana na uso wa barabara kwa muda mfupi mno, kisha huachana nao. Njia zote mbili zahitaji mpira ulio mwororo. Ukipoa hukakamaa, hauingii tena katika vijishimo bali hupita juu yake, kama mtu avaaye viatu vya ubao juu ya sakafu ya saruji.

Viwanda huchanganya mpira na vitu vingi, hasa masizi ya kaboni, ambayo ndiyo yanayolipa tairi weusi wake na uimara wake, na tangu miaka ya 1990 vimezidi kutumia silika, kitu cha jamii ya mchanga, ambacho husaidia mpira ubaki na mshiko barabara ikiwa baridi na yenye maji. Kwa kubadili michanganyiko hiyo hupatikana tairi jororo au tairi gumu. Jororo hushika vizuri na kuisha upesi. Gumu hudumu, lakini hudai joto kabla halijaanza kazi yake.

Tairi la mashindano limetengenezwa kwa ajili ya joto tupu. Kabla ya kuanza, mafundi hulifunga katika blanketi za umeme zinazolipasha hadi digrii 80 au zaidi, na likiisha kuingia uwanjani hutegemea kubanwa kwa breki, kuvutwa kwa injini na kulazwa kwenye kona ili lisipoe. Hapo ndipo mtego ulipo. Mwendeshaji aliyevaa tairi gumu siku ya baridi akiona halishiki, hupunguza mwendo. Akipunguza mwendo, tairi halikunjamani vya kutosha, nalo hupoa zaidi. Likipoa zaidi hushika kidogo zaidi. Kadiri anavyojihadhari ndivyo anavyoongeza hatari. Kwa sababu hiyo kanuni ya kwanza ya mafundi ni kwamba siku ya baridi huchaguliwa mpira mwororo zaidi, hata kama utaisha mapema, maana tairi litakaloamka na kuisha mwishoni ni bora kuliko lile lisiloamka kabisa.

Lakini kanuni hiyo nayo ina kikomo. Mpira mwororo ukilazimishwa kufanya kazi kabla haujapata joto ndani yake, uso wake huchanika vipande vidogo vidogo kama andazi lililopasuka, na tairi lililokuwa jipya huwa limeharibika baada ya mizunguko michache. Fundi mzuri hulisoma tairi linaporudi kama mganga asomavyo ulimi wa mgonjwa: mchaniko wa namna hii humwambia lilikuwa baridi, wa namna ile humwambia lilizidi joto.

UPANDE USIOTUMIKA

Habari ya Phillip Island ina fundisho ambalo, kwa maoni yetu, ndilo la maana kuliko yote kwa watu wa Isingiro. Uwanja ule huzungukwa kinyume cha saa, na kona zake nyingi ni za kushoto: saba kushoto, tano kulia. Kwa hiyo upande wa kushoto wa tairi hutumika mfululizo na kupata moto, na upande wa kulia hukaa angani ukipigwa na upepo wa baharini. Kisha inafika kona ya kulia. Mwendeshaji hulala juu ya mpira ambao kwa muda mrefu haujagusa lami, nao umepoa. Tairi lile lile moja lina upande ulio macho na upande ulio usingizini.

Viwanda vilijibu kwa kutengeneza tairi lenye mpira wa aina mbili, mgumu upande unaochoka na mwororo upande unaopoa. Matairi ya nyuma ya namna hiyo yalikuwapo zamani. Mwaka 2014 kampuni ya Bridgestone ilileta Phillip Island hata la mbele. Na bado, alasiri ya mashindano ya mwaka huo, hewa ilipokuwa ikipoa kuelekea mwisho wa mbio, waendeshaji walianza kuanguka. Marc Marquez, aliyekuwa amekwisha kutwaa ubingwa wa mwaka huo na aliyekuwa akiongoza kwa mbali, aliteleza akatoka. Cal Crutchlow alianguka katika mzunguko wa mwisho akiwa wa pili. Valentino Rossi akapata ushindi. Hawa ni watu ambao wanajua kila kinachoweza kujulikana juu ya tairi, na waliangushwa na kushuka kwa joto ambako mtu wa kawaida angekujibu kwa kufunga kifungo cha shati.

Sasa turudi katika njia ya Mbarara kwenda Kikagati, mpaka wa Tanzania kwenye mto Kagera. Kutoka mjini, kupitia Kaberebere na mji wa Isingiro, lami ina sehemu zilizonyooka ambapo pikipiki hukimbia wima kwa dakika nyingi. Katika mwendo huo ni ukanda mwembamba tu wa katikati ya tairi unaogusa barabara. Ukanda huo huisha, na tairi ambalo lilikuwa la mviringo huwa bapa katikati, kama chapati iliyokaliwa. Mabega yake hubaki na kashata zote, yaani mikato ile ya juu, na mwenyewe hujisifu kwamba tairi bado zima. Lakini mabega hayo ndiyo yasiyotumika. Yamekauka kwa jua na kwa miaka, hayana joto, na kati yake na ukanda wa katikati pamefanyika ukingo. Kisha barabara inateremka kuingia bondeni, na mbele kuna kona. Mwendeshaji anapoilaza pikipiki, hupanda juu ya ukingo ule na kuangukia mpira ulio mkavu na baridi. Hana uwanja wa kuangukia wenye changarawe iliyotandazwa kwa hisani ya waandalizi; ana mtaro, na pengine lori la ndizi linalopanda.

Haki yatulazimu kusema wazi kwamba tairi la barabara si tairi la mashindano. Limetengenezwa lishike tangu mita ya kwanza, na kwa digrii 14 halifi ganzi kama lile la mabingwa. Lakini akiba yake ya mshiko hupungua, na vitu vingine huila akiba hiyo pamoja na baridi: umande, tope linaloburutwa kutoka njia za moramu hadi kwenye lami, samadi ya ng'ombe wenye pembe ndefu wanaovushwa alfajiri, na mzigo. Vikikutana vyote mahali pamoja, tofauti ndogo ya mpira ndiyo inayoamua.

KIPARA SI UJANJA

Kijana aliyetazama mashindano katika televisheni aweza kuuliza: mbona matairi ya mabingwa hayana kashata hata moja? Ikiwa wao hukimbia zaidi ya kilomita 300 kwa saa juu ya kipara, kwa nini mimi nikatazwe kwenda 50?

Swali hilo ni la akili, na lastahili jibu kamili. Tairi la mashindano halikupata kipara kwa kuchakaa. Limezaliwa hivyo, likiwa na tabaka kamili la mpira mwororo, ili eneo lote ligusane na lami kavu iliyofagiwa. Tairi lililokwisha kashata limepoteza mpira wake ulio bora, na kilichobaki ni tabaka jembamba lililokauka, karibu na nyuzi. Tena kashata kazi yake si kushika lami kavu, bali ni kuyapa maji njia ya kutokea. Mvua ikianza, mabingwa hubadilisha kila kitu: hupanda pikipiki ya pili yenye matairi ya mvua, yaliyo mororo mno na yenye mifereji mirefu, ambayo juu ya lami kavu yangemalizika kwa mizunguko michache tu.

Ipo siku moja ambayo kijana huyo angeweza kuitaja ili kutubishia, nasi twaitaja kabla yake. Tarehe 15 Agosti 2021, huko Austria, mvua ilishuka zikiwa zimebaki dakika chache. Viongozi waliingia kubadilisha pikipiki. Brad Binder wa Afrika Kusini akakataa, akabaki na matairi yasiyo na kashata juu ya lami iliyokuwa ikilowa, akatambaa kama mtu apitaye juu ya mayai, matairi yakipoa na breki zake za kaboni zikipoa pia, naye akashinda. Afrika ilishangilia. Lakini tuhesabu vizuri: lilikuwa jambo la mizunguko michache, njiani hapakuwa na ng'ombe wala basi, nyuma yake hakuna abiria, na bado waliokuwa wakitazama hawakujua kama angefika. Mchukuzi wa Oruchinga anayo barabara hiyo kila siku ya masika.

Kuchonga mifereji mipya kwa kisu cha moto juu ya tairi lililokwisha hakulirudishii mpira wake. Hulipunguzia hata ule uliobaki.

Katika Uganda yenyewe mashindano ya pikipiki ni ya udongo, yaani motokrosi, katika viwanja kama Garuga karibu na Entebbe na Busiika kaskazini mwa Kampala. Na mbio za magari zinazofanyika Mbarara nazo hupita katika njia za moramu. Huko swali la baridi huwa dogo, na swali la ardhi huwa kubwa. Ajabu yake ni kwamba kanuni hugeuka: ardhi ikiwa laini na yenye tope huvishwa tairi lenye meno marefu yaliyoachana, ambayo lazima yawe magumu ili yachimbe bila kupinda; ardhi ikiwa ngumu huvishwa meno mafupi yaliyokaribiana, ya mpira mwororo zaidi, ili yang'ate juu. Mwendeshaji wa Nakivale anaishi katika dunia zote mbili. Njia za ndani ya makazi ni za udongo na changarawe, na akitoka hukutana na lami. Tairi la meno marefu litamfurahisha kambini wakati wa masika, lakini kwenye kona ya lami yenye umande litasimama juu ya ncha za meno yake kama mbuzi juu ya mwamba wenye majani mabichi. Kwa mtu ambaye kila siku hupita kwenye zote mbili, sisi twapendelea tairi la kashata za wastani lililo imara katikati, na subira zaidi kwenye tope. Mtu huanguka polepole kwenye tope. Kwenye lami huanguka kwa kasi.

NANI HUCHAGUA?

Katika timu ya mashindano mwendeshaji huketi na fundi wake na mtu wa kiwanda cha matairi, huutazama uso wa barabara, hupima joto lake, na neno la mwisho huwa la yule atakayepanda. Katika vijiji vyetu sivyo. Vijana wengi hawamiliki pikipiki wanazoziendesha. Humlipa mwenyewe kiasi fulani kila siku au kila juma, na matengenezo makubwa ni ya mwenyewe. Mwenye pikipiki huenda dukani na kuuliza swali moja tu, nalo ni la haki kwa upande wake: lipi litadumu? Muuzaji humpa lililo gumu kuliko yote. Hivyo anayechagua tairi hayuko juu yake saa kumi na moja alfajiri, na aliye juu yake hakulichagua. Tukiitafuta sababu ya ajali nyingi ambazo huandikwa kuwa ni za mwendo wa kasi, sehemu moja yake ingeonekana dukani, juu ya meza, miezi sita kabla ya kuanguka.

Wala si lazima mwenye pikipiki apate hasara ili mwendeshaji awe salama. Gurudumu la nyuma ndilo linalosukuma na kubeba, nalo huisha mapema. La mbele huisha polepole sana. Basi nyuma na liwe tairi gumu la kudumu, na mbele liwe jororo zaidi, ambalo hata hivyo litakaa muda mrefu. Tairi la nyuma likiteleza kidogo, mwenye uzoefu huweza kulirudisha. La mbele likiteleza, hakuna bingwa wala mwanafunzi awezaye kujitetea. Wale wa Phillip Island waliangushwa na la mbele. Pamoja na hayo, desturi iliyoenea ni kuhamishia mbele tairi lililochoka, kwa kuwa eti mbele hakuna kazi. Mbele ndiko breki inakofanya kazi yake kubwa.

Juu ya mzigo, hesabu ni fupi. Pikipiki nyingi ndogo za biashara hutumia nyuma tairi la kipimo cha 3.00-17, na ubavuni mwake huandikwa namba kama 50P. Namba 50 maana yake ni kwamba tairi hilo limeruhusiwa kubeba kilo 190. Madebe mawili ya lita 50 yakijaa maziwa yana zaidi ya kilo 100 kabla hata chuma cha madebe hakijahesabiwa. Ongeza sehemu ya uzito wa mwendeshaji na sehemu ya pikipiki yenyewe inayoliangukia gurudumu la nyuma, utaona kuwa kipimo kimekwisha kupitwa. Atatokea mtu aseme kwamba mzigo hulipasha tairi moto. Kweli hulipasha, lakini hulipasha ubavu, mahali ambapo halishiki barabara na ambapo hupasukia.

Na upepo. Kwa pikipiki za namna hiyo vitabu vyake hutaja kwa kawaida karibu paundi 25 mbele na 28 nyuma kwa mtu mmoja, au 32 akiwapo abiria. Kila mtu na asome cha kwake. Vipimo hivyo ni vya tairi lililopoa. Tairi lililojazwa Mbarara saa nane mchana, jua likiwaka, litakuwa limepungukiwa na paundi mbili hivi alfajiri inayofuata, pasipo kuvuja hata tone, kwa sababu tu upepo uliomo ndani umepoa na kunywea. Likijazwa mara tu baada ya safari ndefu, upungufu huo huwa mkubwa zaidi. Kwa hiyo pima asubuhi, kabla hujafunga mzigo. Wako wanaopunguza upepo kwa makusudi ili tairi litandae na kushika tope. Chini ya mzigo mzito jambo hilo huifanya tyubu isogee ndani ya tairi na kuchanika penye valvu, na upepo hutoka wote kwa pamoja.

Mabingwa huonekana wakipinda huku na huku katika mzunguko wa kwanza, na watu hudhani ndivyo wanavyopasha matairi. Kwa kweli mpira hupata moto zaidi kwa kuongeza mwendo na kufunga breki pikipiki ikiwa wima kuliko kwa kuyumba. Kijana wa Kajaho hana haja ya kuyumba mbele ya shule. Kilomita chache za kwanza aende wima na taratibu, afunge breki kidogo kidogo mahali palipo wazi ili aisikie barabara, na kona za mteremko azingojee hadi tairi limepata uvuguvugu. Tairi jipya lahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa uso wake hutoka kiwandani ukiwa na utelezi ambao huisha baada ya kilomita mia moja hivi. Mwenye kununua tairi jioni na kulipandisha maziwa kesho yake alfajiri ameunganisha upya na baridi katika safari moja.

Limebaki jambo la dukani. Mpira huzeeka hata usipotembea, na tairi lililotundikwa juani mbele ya duka kwa miaka miwili limekauka kabla halijaguswa na barabara. Libonyeze kwa ukucha penye kashata: lililo hai huacha alama ndogo inayofutika, lililokauka hukataa. Kisha pinda ubavu na utazame kama kuna nyufa nyembamba kama nywele. Halafu tafuta tarakimu nne zilizofungiwa katika kiduara kirefu. Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Muuzaji akikwambia kuwa tairi lake halina tarakimu hizo, ligeuze upande wa pili kabla hujambishia, kwa maana mara nyingi huchapwa ubavu mmoja tu.